Bendera Iliyoshonwa Ngomeni: Kisa cha Mombasa na Ulinzi wa Waingereza, 1824–1826

Makanga wa matatu za Changamwe hulitaja jina la Portreitz mara mia kwa siku, na wengi wao hawajui kwamba wanamtaja marehemu. John James Reitz alikuwa luteni kijana wa manowari za Uingereza. Alifika Mombasa Februari 1824, akaachwa hapa kuwa mkuu wa mji kwa niaba ya mfalme wake, na kabla ya Mei kwisha homa ilikuwa imekwisha kumuua. Hakutimiza hata miezi minne.

Alipoachwa, aliachiwa kadeti mmoja na askari na mabaharia wachache sana, ambao wangeenea kwenye ngalawa moja ya Likoni. Huo ndio uliokuwa ulinzi ambao Mombasa iliupata kutoka kwa dola yenye manowari nyingi kuliko dola yoyote duniani. Na cha ajabu, kwa muda ulitosha.

Wahenga walituachia methali mbili zinazogombana. Moja inasema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nyingine inasema mtegemea nundu haachi kunona. Kisa hiki huwa kinasimuliwa kama ushahidi wa ile ya kwanza. Barazani Kibokoni, kahawa tungu ikizunguka, utasikia wazee wakisema kwa ufupi tu: Waingereza walituhini. Nami nimekuwa nikikubali hivyo kwa miaka mingi. Lakini kila nikiupanga upya mwaka baada ya mwaka, naona hesabu haitoki.

Tuanze na waliokuwa ndani ya Ngome, yaani Fort Jesus. Wamazrui walikuwa maliwali waliotumwa kutoka Omani baada ya Mreno kufukuzwa. Katika miaka ya 1740 kule Omani enzi ya Yaarubi iliporomoka na Ahmad bin Said, wa ukoo wa Albusaidi, akashika hatamu. Liwali wa Mombasa, Muhammad bin Uthman, akakataa kumtambua. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuielewa: huyu naye alikuwa liwali kama mimi, amejipa mwenyewe, basi nami nimejipa. Mwaka 1746 watu waliotumwa na Albusaidi wakamuua. Ndugu yake Ali akaponyoka, akairudia Ngome na kuitwaa. Tangu hapo Mombasa ilijitawala kwa takriban miaka tisini, ikiwa na adui mmoja asiyesahau.

Mji huo ulisimama juu ya nguzo tatu. Kulikuwa na Ngome yenyewe. Kulikuwa na Thenashara Taifa, yaani wenyeji wa mji waliogawanyika katika Tisa Taifa na Tatu Taifa, ambao bila wao liwali alikuwa mgeni tu mwenye mizinga. Na kulikuwa na Pemba, iliyokuwa ghala la mchele la Mombasa. Bara, Mijikenda walikuwa marafiki wa kibiashara na wa vita, wenye masharti yao. Nazitaja nguzo hizi mapema kwa sababu mkasa wote uko hapo, na mara nyingi wasimulizi huziruka ili wafike haraka kwenye manowari.

Mambo yalianza kuharibika Shela, pwani ya Lamu, yapata 1812. Wamazrui pamoja na Pate walikwenda kuitiisha Lamu. Maji yakatoka, majahazi yakakwama mchangani, na watu wa Lamu wakawachinja walipokuwa wakiyakimbilia. Lamu ilishinda, lakini ilishinda kwa hofu. Wakubwa wake wakajua Mombasa itarudi, wakapeleka ujumbe kwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala kijana wa Omani, wakimwomba awalinde.

Hapa nasimama kidogo, maana huu ni mfano ambao tunao jirani na hatuutazami. Lamu iliomba mkubwa na mkubwa akaja. Kwa nini? Kwa sababu adui wa Lamu alikuwa ndiye adui wa Sayyid Said. Kuilinda Lamu kulikuwa ni kujisogezea ngazi ya kuipanda Mombasa. Said hakuhitaji kuhimizwa wala kukumbushwa ahadi. Bila shaka Lamu ililipa: ilipata liwali wa Kiomani, ngome ikakamilishwa mjini mwao, na mji haukujiamulia tena mambo yake makubwa. Lakini kile ilichoomba, yaani Mombasa isirudi, ilikipata.

Miaka kumi baadaye Said alikuwa anaizunguka Mombasa kama mvuvi anayevuta wavu wa juya. Barawa ikamwelekea. Pate nayo. Kisha Pemba ikaanguka mikononi mwa majeshi yake, na hilo ndilo lililouma zaidi, kwa sababu anayekushika ghala hana haja ya kukubomolea ukuta. Mwishoni mwa 1823 vyombo vyake vilikuwa nje ya bandari ya Mombasa.

Wamazrui hawakukurupuka. Walikwisha kupiga hodi Bombay, kwenye serikali ya Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India, wakiomba kuwekwa chini ya ulinzi. Wakajibiwa kwa heshima kwamba haiwezekani. Jibu lile lilikuwa na kila kitu walichohitaji kujua. Uingereza ilikuwa na mapatano na Maskati tangu 1798, mwaka Napoleon alipoingia Misri na Waingereza wakaogopa Wafaransa wasiifikie India. Said alikuwa bega kwa bega na Waingereza katika vita vyao dhidi ya Ras al-Khaimah huko Ghuba. Na mwaka 1822 alitia saini mkataba ulioletwa na Kapteni Moresby wa kuzuia watumwa kuuzwa kwa Wakristo. Kwa Bombay, Maskati ilikuwa mlango wa nyumba yao. Mombasa ilikuwa dirisha la jirani.

Lakini mtu aliyezingirwa hasomi barua kwa utulivu. Desemba 1823 manowari ya Barracouta, chini ya Kapteni Vidal, ilitia nanga Mombasa ikiwa kwenye kazi ya kupima pwani. Wamazrui wakamwomba bendera. Vidal akakataa, akisema hana mamlaka hayo. Wakaenda zao, wakashona yao.

Kuna jambo la kuchekesha na la kusikitisha katika picha hiyo ya mafundi wa mji wetu wakikaa kitako kushona bendera ya Uingereza, wakikisia upana wa mistari na rangi zake. Nadhani tungekuwepo sote tungewasaidia kutunga nyuzi kwenye sindano. Bendera ikapandishwa Ngomeni. Tarehe 7 Februari 1824, mkubwa wa Vidal, Kapteni William Owen wa manowari ya Leven, alipoingia bandarini aliikuta inapepea juu ya ukuta uliojengwa na Wareno, mbele ya majahazi ya Waomani yaliyokuwa yakiuzingira mji.

Owen hakuwa mtu wa kurudi nyuma. Alichukia biashara ya watumwa kwa moyo wake wote, na aliuona mkataba wa Moresby kuwa wavu wenye matundu makubwa kuliko samaki. Alikuwa ametoka Maskati, na huko alikwisha kumwambia Sayyid Said mwenyewe kwamba watu wa Mombasa wakimwomba ulinzi atawapa. Kwa hiyo alipoombwa, alikubali, akisubiri uamuzi wa mfalme wake. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyokuwa mkataba. Mengine yote yalikuwa matumaini.

Yaliyoandikwa ni haya. Waingereza wangemrudishia mkuu wa Mombasa milki zake za zamani, Pemba ikiwemo. Utawala ungebaki kwa ukoo wa Mazrui, urithi baada ya urithi. Mwakilishi wa Uingereza angekaa mjini. Mapato ya forodha yangegawanywa nusu kwa nusu. Raia wa Kiingereza wangeruhusiwa kufanya biashara na bara. Na biashara ya watumwa Mombasa ingekoma.

Ukiusoma mkataba huo kama dalali wa nyumba, unaona haraka nani anatoa leo na nani anatoa kesho. Mombasa ilianza kutoa siku ileile: nusu ya forodha, na biashara iliyokuwa ikiwatajirisha baadhi ya wakubwa wake. Sisemi biashara hiyo ilistahili kuokolewa, haikustahili. Ninachosema ni kwamba bei ilikuwa taslimu. Bidhaa, yaani Pemba na ulinzi wa kudumu, ilikuwa ya mkopo.

Hata hivyo majahazi ya Omani yaliondoka. Hiki ndicho kipande ambacho wazee wa barazani hukipita mbio, nami nakiona ndicho kitamu kuliko vyote. Jeshi la Said halikuogopa luteni na kadeti. Liliogopa kilichokuwa nyuma yao: kwamba ukimpiga risasi mtu mmoja aliyesimama chini ya kile kitambaa, zitakuja manowari kutoka Bombay, kutoka Rasi ya Tumaini Jema, kutoka kusikojulikana. Ulinzi wa mkubwa hukaa kichwani mwa adui. Maadamu adui anaamini, bendera ya kushona mwenyewe inafanya kazi sawa na ile ya kiwandani. Kwa miaka miwili na miezi kadhaa, hakuna aliyeishambulia Mombasa.

Said alilielewa hilo kuliko Wamazrui wenyewe. Hakupigana na bendera ile. Aliiandikia barua. Alilalamika Bombay kama rafiki anayelalamika kwa rafiki: nimepigana nanyi Ghuba, nimetia saini karatasi zenu juu ya watumwa nikijipunguzia mapato, na sasa kapteni wenu amenipora mji. Ilikuwa kesi nzuri na ilikuwa na hakimu mzuri, kwa sababu hakimu alikuwa na haja naye. Mombasa haikuwa na wakili Bombay wala London. Wakili wake pekee alikuwa Owen, na Owen alikuwa na kazi ya kupima pwani ya Afrika.

Mjini, ulinzi ule ulianza kuchacha. Reitz alipofariki, kadeti George Phillips alishika nafasi kwa muda mfupi, kisha akaja Luteni James Emery, aliyekaa kuanzia Agosti 1824 hadi Julai 1826. Emery alijitahidi. Lakini fikiria hali yake: anachukua nusu ya forodha ya mji, anawazuia watu wasifanye biashara waliyoizoea, na kila siku anaulizwa swali moja ambalo hana jibu lake: Pemba lini? Pemba haikurudi. Mchele ulipita mikononi mwa Said. Kwa mwananchi wa kawaida mkubwa alikuwa amekuja kula, na adui alikuwa bado ameshika jamvi.

Katikati ya 1826 jibu la London na Bombay likawa limekamilika. Mapatano ya Owen hayakuridhiwa. Emery akaamriwa aondoke, akapanda manowari, bendera ikashushwa. Kilichobaki ni majina: Portreitz upande wa bara, na Leven House pale Mji wa Kale karibu na maji, ambayo jina lake limetoka kwenye manowari ya Owen.

Sasa ukifuata simulizi la kusalitiwa, Mombasa ingepaswa kuanguka mara moja. Haikuanguka. Sayyid Said alikuja mwenyewe na manowari zake Januari 1828, akaingia Ngomeni kwa mapatano ya kuwaachia Wamazrui uliwali na sehemu ya mapato. Mapatano yakachezewa, na mji ukakizingira kikosi alichokiacha hadi njaa ikakitoa. Akarudi tena mwaka uliofuata, akashindwa. Akarudi 1833, akashindwa tena. Kwa miaka kumi na moja baada ya Emery kuondoka, bila mfadhili na bila Pemba, Mombasa ilikaa peke yake mbele ya dola iliyokuwa kubwa kuliko zote za pwani hii, na dola hiyo haikuweza kuitwaa kwa nguvu.

Mji huo uliweza kwa sababu nguzo ya pili ilikuwa bado imesimama. Tisa Taifa na Tatu Taifa, pamoja na majirani wa bara, walipokuwa upande mmoja, Said alikuwa na pwani tu na si kisiwa. Mwaka 1837 ndipo mambo yalipogeuka, na hayakugeukia baharini. Baada ya Salim bin Ahmad kufariki, Wamazrui waligombana wao kwa wao juu ya uliwali. Wakubwa wa Tatu Taifa, Wakilindini wakiwa mbele, wakachoka, wakamwalika Said. Alipofika safari hii hakuhitaji kuvunja mlango, maana alifunguliwa. Liwali Rashid bin Salim akasalimu amri, na muda mfupi baadaye wakubwa wa Mazrui wapatao ishirini na zaidi wakakamatwa kwa hila, wakasafirishwa hadi Bandar Abbas kule Uajemi. Hawakurudi. Waliosalia walikimbilia Takaungu kaskazini na Gazi kusini.

Basi kosa lilikuwa wapi? Sikubaliani na wanaosema kosa lilikuwa kuomba. Mji wa kisiwa uliokatwa chakula na adui mwenye manowari unaomba, na asiyeomba ni mjinga au ni mfalme wa hadithi. Walichokosa Wamazrui, kwa maoni yangu, ni kutazama mkubwa wao ana mkataba na nani mwingine. Waliipima nguvu ya Uingereza, ambayo ilikuwa kweli, wakasahau kupima haja yake. Haja hiyo ilikuwa Maskati. Barua ya kukataliwa kutoka Bombay ilikuwa imewaeleza hilo wazi, nao wakaitafutia njia ya kuizunguka kupitia kapteni mwenye moyo mwema. Kapteni aliwapa kila alichokuwa nacho. Kilichokuwa hakimo mkobani mwake ni saini ya serikali yake.

Tofauti hiyo ya kapteni na serikali haijazeeka. Mkataba wa NATO uliosainiwa Washington tarehe 4 Aprili 1949 na nchi 12 ulipitishwa kwanza katika mabunge na serikali za nchi hizo kabla ya kuanza kufanya kazi. Na hata hivyo kifungu chake cha tano, kinachosema shambulio kwa mmoja ni shambulio kwa wote, kinamwachia kila mwanachama aamue mwenyewe atasaidia kwa kitendo gani. Kimetumika mara moja tu, baada ya Septemba 11, 2001. Juni 2024 Marekani iliitangaza Kenya kuwa mshirika wake mkuu asiye mwanachama wa NATO, na niliwasikia watu ferini Likoni wakisema sasa atakayetugusa ataona cha mtema kuni. Cheo hicho kinafungua milango ya silaha, mafunzo na ushirikiano, lakini hakibebi ahadi ya kupigana kwa ajili yetu. Mombasa yenyewe inajua mambo haya kwa vitendo, kwani tangu mapatano ya 1980 manowari za Marekani zimekuwa zikitia nanga Kilindini, mabaharia wanashuka, mji unauza, wanaondoka. Sioni ubaya. Ila mtu asichanganye meli iliyokuja kupumzika na meli iliyokuja kukulinda.

Na kuna kosa la pili, ambalo naliona kubwa zaidi. Ile miaka miwili ya bendera ilikuwa nafasi. Majahazi ya adui yalikuwa hayapo. Ungekuwa wakati wa kukaa na Tatu Taifa na kumaliza manung'uniko, kuweka utaratibu wa nani anamrithi nani uliwali. Badala yake nguvu za wakubwa zilikwenda kwenye kumdai Emery Pemba na kugombania nusu ya forodha iliyobaki. Nalisema hili nikijua ni rahisi kwangu kulisema miaka mia mbili baadaye, nikiwa nimeshiba.

Kisa kina mkia. Waingereza walirudi. Mwaka 1895 walitangaza himaya yao juu ya nchi hii, ukanda wa pwani ukiwa umekodishwa kutoka kwa Sultani wa Zanzibar, mjukuu wa Said, na Ngome wakaigeuza gereza. Mwaka huohuo Mazrui waliwapiga vita kuanzia Takaungu hadi Gazi. Aliyesimama mbele kusini alikuwa Mbaruk bin Rashid, mtoto wa yule liwali wa mwisho aliyepelekwa Bandar Abbas, naye akiwa tayari mzee. Alipigana msituni kwa miezi, vijiji vikachomwa, risasi zikapungua. Aprili 1896 alivuka mpaka pamoja na mamia ya watu wake hadi Moa, upande wa Wajerumani, na gavana Hermann von Wissmann akampokea. Aliishi Dar es Salaam chini ya bendera hiyo mpya hadi alipofariki mwaka 1910.